Damu Si Maziwa

Nilijifunza damu kwa kuitazama ikituama. Mkuu wetu wa maabara, mtu wa kabila la Wateso kutoka Adungosi, Mkatoliki aliyesali rozari yake huku akingoja maji ya sindano yachemke, alinipa kazi hiyo siku yangu ya kwanza. Alitia damu ya mgonjwa katika mrija wa kioo, akaichanganya na dawa ya kuizuia isigande, akausimamisha mrija karibu na dirisha na kuniambia nikae niutazame. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, upande wa Kenya wa mpaka wa Busia. Kutoka dirisha lile niliona malori ya pamba yamepanga foleni kwenye kizuizi, na vijana wa baiskeli wakiyapita pembeni na abiria wao nyuma. Alinikaripia kwa kutazama barabara. Nikarudisha macho kwenye mrija.

Baada ya saa moja hivi damu ilikuwa imejitenga. Chini ilikuwa nyekundu, nzito. Juu yalikuwa maji ya njano, rangi ya samli iliyoyeyuka. Katikati palikuwa na utando mweupe, mwembamba kama ganda la kitunguu.

"Umeona vitu vingapi?" aliniuliza.

"Vitatu, mzee."

"Viko vinne. Cha nne kimejificha ndani ya huo utando. Hutakiona kwa macho hayo."

Akanieleza huku akiosha vioo. Yale maji ya njano ni njia, yanabeba chakula na chumvi na joto, na humo ndimo vingine vyote vinamosafiri. Zile nyekundu ni wachukuzi. Zinapakia hewa mapafuni na kuipeleka mpaka kwenye kidole cha mguu, na kinachozipa rangi ni chuma kilicho ndani yake. Nyeupe ni askari. Na kile cha nne ni vipande vidogo sana, mafundi wa kuziba. Mshipa ukipasuka wanashikana wao kwa wao mpaka tundu linafungika. "Ukijikata na damu ikakoma, ujue mafundi wamefika," alisema. Kisha akaniuliza dini yangu inasemaje juu ya damu. Nikamwambia kuila ni haramu, na ikiingia nguoni ni najisi.

"Na bado Mungu amekutilia karibu lita tano," alisema. "Mshukuru kwa hizo."

Nimekuwa nikimshukuru tangu hapo, na yeye mzee nimemwombea mema kila mara nilipokumbuka mrija ule.

Huo ulikuwa mwaka wa pili au wa tatu baada ya Uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa nataka kuoa. Baba yangu alikuwa amefariki zamani, na mjomba wangu, aliyeuza kanga na sabuni pale mjini, ndiye aliyenipelekea posa. Niliyemtaka alikuwa binti wa mwenye bucha. Tulisoma naye chuoni tulipokuwa wadogo, tukikariri Kurani pande mbili za pazia moja. Yeye alihifadhi haraka kuliko mimi, na kila nilipokosea nilisikia kicheko kidogo upande wa pili, cha mtu aliyejiziba mdomo kwa ushungi. Nilipokua nilitembea na kicheko hicho kichwani. Baba yake aliipokea posa. Mahari yakakubaliwa. Ikabaki kupanga siku, msimu wa pamba ukiisha.

Kabla msimu haujaisha yule binti alikwenda Malaba kumwona mama yake mdogo. Siku ya kurudi aliteremka kwenye basi na kupanda baiskeli kumaliza safari. Pale kizuizini lori lilikuwa likirudi nyuma, na dereva hakuwaona. Chuma cha bodi kikampasua paja. Kijana wa baiskeli alivua shati lake, akamfunga nalo, akamleta kwetu kwa baiskeli ile ile, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umemshika abiria. Alipofika shati lilikuwa zito kwa damu.

Mafundi wa kuziba hawawezi kila kitu. Tundu likiwa kubwa wanachukuliwa na maji. Daktari alishona, damu ikakoma kutoka, lakini midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu na moyo ulikuwa ukikimbia bila mzigo. Wachukuzi walikuwa wamepungua mno. Hatukuwa na chupa hata moja ya damu. Baba yake na kaka zake walikuwa Uteso kununua ng'ombe. Mama yake alikunja mkono wa gauni na kutoa wake, lakini mkuu alipochanganya matone yao kwenye kigae cheupe, damu ilikatika vipande kama maziwa yaliyoganda.

"Hazipatani, mama," alimwambia. "Hata za mama na mwanawe huwa hazipatani. Si kosa la mtu."

Kisha akanitazama. Alikwisha kunipima siku za mafunzo na alijua yangu inakubalika kwa wengi. Aliichanganya kwenye kigae hata hivyo, akakiinamisha huku na huku. Damu ilitiririka laini, haikukatika. Nikalala. Niliitazama chupa ikijaa, na nikaona ajabu jinsi ilivyo na joto. Baadaye nilisimama mlangoni mwa wadi ya wanawake kuona chupa ile ile imetundikwa juu yake. Sikuruhusiwa kuingia. Kutoka mlangoni niliona midomo yake ikirudi rangi kidogo kidogo, na nikasema alhamdulillahi mpaka mwuguzi akaniambia nikasemee nje.

Siku ya tatu mwenye bucha alirudi. Alikuja hospitali moja kwa moja, na vumbi la safari, mguu wa mbuzi begani umefungwa kwa jani la mgomba. Alinikumbatia mbele ya watu.

"Nilikuwa na watoto watano," alisema. "Leo ninao sita. Wewe ni ndugu ya huyu msichana. Damu yako imo ndani yake, nani atanibishia?"

Watu wakasema amina. Na mimi nilisema amina, kwa sababu sikuwa nimeelewa. Mjomba ndiye aliyeelewa, wiki iliyofuata, alipokwenda kupanga siku ya ndoa. Alirudi mapema na kukaa muda mrefu bila kuvua viatu.

"Anasema ndugu hawaoani," aliniambia. "Na hasemi kwa hasira. Ingekuwa hasira ningemwachia ipoe."

Kesho yake nilikwenda buchani mwenyewe. Alikuwa akikata mbavu.

"Mzee," nikasema, "damu si kama maziwa."

"Mtoto wa jirani akinyonya kwa mke wangu mara tano, ni nani kwangu?"

"Mwanao wa kunyonya."

"Anaweza kumwoa binti yangu?"

"Hawezi."

"Kwa vikombe viwili vya maziwa. Wewe umempa chupa nzima, na maziwa yenyewe wazee wanasema hutokana na damu. Sasa niambie ipi nzito."

Nilimweleza vitu vinne, kama nilivyofunzwa. Nikamwambia zile nyeupe na wale mafundi walikwisha kufa siku za mwanzo tu, na zile nyekundu huishi miezi minne hivi. Kila siku kuna zinazochakaa, bandama inazivunja, na uboho wa mifupa yake unatengeneza nyingine ambazo ni zake mwenyewe. "Rajabu ikiisha, mzee, hakuna hata chembe moja yangu itakayobaki ndani yake."

Aliweka kisu juu ya gogo. "Na maziwa uliyonyonya yamebaki ndani yako?"

"Hayakubaki."

"Basi amekoma kuwa mama yako?"

Mteja mmoja aliyekuwa akingoja akasema, "Nipimieni ratili mbili kwanza, kesi yenu naona ni mifupa mitupu." Watu wakacheka. Mwenye bucha hakucheka.

"Miaka thelathini nachinja," alisema. "Nimeona damu nyingi kuliko maji niliyokunywa. Ni moja, nyekundu. Wewe umeikalisha kwenye kioo mpaka ikakuambia iko nne."

Kuna jambo sikumwambia. Mkuu alikuwa amenifunza kwamba chembe nyekundu ikivunjwa, chuma chake hakitupwi. Mwili ni kama mama mwenye nyumba mwangalifu. Hukiokota na kukitia katika chembe mpya. Kwa hiyo nilipomwambia mzee wa watu kwamba hakuna kitakachobaki, nilinyamazia nusu ya ukweli, kwa kuwa niliitaka ile nusu nyingine inisaidie. Na chuma chenyewe nilikifurahia kwa siri.

Tulikwenda kwa maalim wetu, mimi, mjomba na mwenye bucha. Alitusikiliza akiwa amefumba macho. Alikuwa mtu wa elimu, na elimu yake niliiona siku hiyo, kwa sababu alisema, "Sijui." Akasema haoni damu imetajwa popote pale maziwa yanapotajwa, lakini hathubutu kuhalalisha ndoa ya watu kwa kudhani. Angemwandikia mwalimu wake wa pwani. Mwenye bucha akaahidi mbele yetu kwamba hatampokea mposaji mwingine mpaka Rajabu iishe. Ilikuwa miezi minne kamili. Nilipanda basi na barua ile mpaka Malaba, ili iondoke na garimoshi la siku hiyo hiyo. Nilisimama stesheni mpaka behewa la mwisho likapotea.

Miezi ile minne ndiyo niliyokuwa karibu na yule binti kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Kila Jumatatu mama yake alimleta nipime nguvu ya damu. Nilimchoma kidole, nikachukua tone, nikalinganisha rangi. Nilishika kidole kwa pamba, nisikiguse.

"Zako zimebaki ngapi?" aliniuliza Jumatatu moja.

"Karibu nusu."

"Na zangu zinajua kwamba hizo ni wageni?"

"Hazijui. Zinafanya kazi pamoja."

"Basi zina adabu kuliko watu wa mji huu."

"Choma kidole, wacha hotuba," mama yake alisema kutoka kwenye benchi.

"Mama, anachoma polepole mno. Ndiyo maana tunakaa." Akakaza uso ili asicheke. Mimi sikuweza, nikageukia dirishani.

Jumatatu nyingine, karibu na mwisho, alikuwa ameacha kuchechemea. Midomo yake ilikuwa myekundu na hakukuwa tena na sababu ya kumleta. Alinyoosha kidole kabla sijamwambia. "Chembe zako zikikwisha zote," alisema kwa sauti ya chini, "usiniambie." Sikumwambia. Niliandika kipimo chake kwenye daftari na kuita mgonjwa mwingine.

Rajabu ikaisha. Barua haikuja. Mwenye bucha alingoja, na nasema haya ili nisimdhulumu, akaongeza siku nane za Shaabani ambazo hakuniahidi. Kisha akampokea mposaji, mfanyabiashara wa vitambaa wa Mbale, mtu mwenye sifa nzuri. Nilihudhuria nikahi. Nilikula pilau nikamwombea bwana harusi baraka, na Mungu anajua niliziomba kwa ulimi mpaka moyo ulipochoka kubisha. Waliondoka kwa gari kupitia Malaba. Mimi nilirudi kazini, kwa kuwa kulikuwa na vipimo vya malaria vinangoja.

Jibu lilifika Shawwali. Yule mwalimu wa pwani alikuwa ametibiwa macho na hakuweza kusoma kwa muda mrefu. Maalim aliniita baada ya alasiri akanisomea. Lilikuwa fupi. Udugu wa kunyonya ni wa maziwa, na wa mtoto mchanga ndani ya miaka yake miwili. Damu haimo, na mtu mzima hamo. Aliyetoa damu kwa ajili ya uhai wa mwenzake ana thawabu kwa Mola wake, na hakuna ndoa inayoharamishwa kwa hilo.

Alikunja karatasi. "Barua hii ni yako zaidi kuliko yangu," alisema. "Nikiisoma Ijumaa, yule mzee ataisikia mbele ya watu, na Mbale si mbali. Nikiificha, sijui nitamwambia nini Mungu. Wewe unasemaje?"

Nilijua kwa nini aliuliza. Tangu maneno ya mwenye bucha yaenee, watu wa mtaa wetu walikuwa wakiogopa kupeana damu, hasa wenye watoto wa kuozesha. Mke wa dereva mmoja alijifungua na damu ikakataa kukoma. Wanaume saba walisimama nje chini ya varanda, kila mmoja akihesabu nani wake angekuwa ndugu ya nani. Walipokuwa bado wanahesabu, mwanamke alifariki. Yangu haikupatana na yake kwenye kigae, ingawa tulidhani ingepatana.

"Isome," nilimwambia. "Usitaje mtu."

Akaisoma, hakutaja mtu. Nilikuwa safu ya tatu na mwenye bucha safu ya kwanza. Niliona mgongo wake tu. Wiki hiyo wanaume kumi na mmoja walikuja kutoa damu, wakitaniana nani atazirai, na aliyezirai alikuwa yule aliyesema kesi yetu ni mifupa. Mwenye bucha hakuja. Tuliendelea kusalimiana. Nikienda kununua nyama alinipimia vizuri na kutazama mizani.

Ilipita miezi saba hivi. Asubuhi moja alisimama mlangoni mwa maabara, kofia mkononi.

"Nimekuja kutoa," alisema. "Binti yangu yuaja kujifungua kwa mama yake, mimba ya kwanza. Nataka chupa iwepo."

Nilimchoma kidole, nikaangusha tone lake kwenye maji ya buluu ya mrututu. Tone la mtu mwenye damu ya kutosha huzama. Lake liliteremka kidogo, likasita, likapanda juu na kuelea.

"Maana yake nini?"

"Chembe nyekundu ni chache, mzee. Siwezi kuchukua."

"Mimi? Ninayeuza maini?"

"Unatembea peku machinjioni. Huenda ni safura, minyoo wa kunyonya damu. Nitakupima, nitakupa vidonge vya chuma. Baada ya miezi mitatu urudi."

"Miezi mitatu yeye atakuwa amezaa." Alikaa kwenye benchi ambako mkewe alikuwa akikaa zamani. Alitazama lile tone mpaka likasambaa. "Basi nani?"

"Yangu ipo."

Alinigeukia. "Wewe si ndugu yake," alisema.

"Si ndugu yake."

"Nilikupa udugu kwa kukupenda, kijana. Sikuwa na kitu kingine kikubwa nyumbani kwangu."

"Najua, mzee. Niliitikia amina."

Alifuta uso kwa kofia, akachukua vidonge, akaenda. Alasiri ile mkuu alinitoa chupa moja. Tuliiweka kwenye friji yetu ya mafuta ya taa, nikaandika kundi la damu na tarehe, sikuandika ni ya nani. Damu katika chupa za wakati ule ilikaa wiki tatu, baada ya hapo wachukuzi walikuwa wamekufa wamesimama. Kila asubuhi nilifungua friji kuhakikisha ubaridi. Damu ilikuwa imejitenga, njano juu, nyekundu chini, imetulia.

Yule binti alifika, nikasikia kwamba amefika. Wiki ya pili akajifungua mtoto wa kike, saa nne asubuhi. Mkuu aliingia akinawa mikono. "Hakupoteza hata kikombe," alisema. "Mungu ni mwema. Chupa yako imebaki."

Nilisema alhamdulillahi. Na chini ya neno lile, ndani yangu mwenyewe, nilikuta huzuni. Nilikuwa nimetamani ihitajiwe. Nilikuwa nimemwombea salama kwa siku kumi na nne, na siku zote hizo kitu kingine ndani yangu kilikuwa kikingoja atokwe na damu, ili niwe tena ndani yake kwa miezi minne. Nilikwenda nyuma ya maabara nikaswali rakaa mbili za toba, na bado nilipoinuka hamu ilikuwa pale pale.

Siku ya kumi na tisa waliletwa watu kutoka Rukala, mto Nzoia ukiwa umevunja kingo. Mmoja alikuwa mvuvi aliyekatwa na bati la nyumba yake. Tone lake lilipatana na langu kwenye kigae. Nilimtundikia chupa ile mimi mwenyewe, nikakaa kando ya kitanda chake, kazi ambayo haikuwa yangu, mpaka iliposhuka yote. Aliniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya mtu ambaye hakuwa na haja nayo.

Mungu amenipa mengi baada ya hapo: mke mwema, watoto, wajukuu, macho yanayosoma bado. Sina lalamiko nitakalompelekea. Lakini kila ninapoketi kuomba msamaha wa yale niliyotenda nikiwa kijana, naanzia kwenye wiki zile mbili, na huwa nachelewa kuzimaliza.